Oti Bapa, Oti za Kuiva Haraka na Oti za Kukatwa: Zipi Zinafaa kwa Biskuti za Kuoka Nyumbani?

Kwa wiki saba mfululizo nimeoka biskuti za oti nyumbani kila Jumamosi alasiri, kwa vipimo vilevile, katika trei ileile na oveni ileile, nikibadilisha kitu kimoja tu, nacho ni oti zenyewe. Nilianza zoezi hili kwa sababu biskuti zangu zilikuwa hazitabiriki: wiki hii zinatoka laini na zinatafunika vizuri, wiki inayofuata zinatoka nzito kama uji ulioganda, na lawama zote nilikuwa nikiitupia oveni. Oveni haikuwa na kosa. Nilikuwa nikinunua pakiti yoyote iliyoandikwa oti bila kusoma maneno madogo yaliyofuata, ilhali maneno hayo ndiyo yanayoamua biskuti itakuwaje. Tathmini hii, basi, ni ya bidhaa tatu zinazokaa pamoja rafuni na kufanana kwa rangi, na uamuzi wangu ninautoa mapema ili mwenye haraka asisumbuke: kwa biskuti, nunua oti bapa za kawaida zilizo nene. Hizo nyingine mbili zina kazi zake, lakini kazi hii si yake.

Niweke wazi jina kwanza. Wengi huziita oti shayiri, lakini shayiri ni nafaka nyingine, na anayeitia katika mapishi haya asitarajie matokeo ninayoyaeleza hapa. Oti zikishavunwa huondolewa maganda, kisha punje hupitishwa katika mvuke na joto. Hatua hii ina sababu ya msingi: oti zina mafuta mengi kuliko ngano, na ndani ya punje mna kimeng'enya ambacho, punje inapopondwa, huyavunja mafuta hayo na kuleta uchungu na harufu ya mafuta yaliyochacha. Joto hukizima kimeng'enya hicho. Kwa hiyo oti zote tatu ninazozizungumzia zimekwisha kupata moto wa kiasi fulani kabla ya kuingia kwenye pakiti, na zinatofautiana kwa yale yanayofuata baada ya hapo. Oti za kukatwa ni punje zilizokatwa kwa visu vya chuma vipande viwili, vitatu au vinne. Oti bapa ni punje nzima zilizolainishwa kwa mvuke na kubanwa kati ya rola mpaka zikawa bapa. Oti za kuiva haraka hukatwa kwanza, kisha zikabanwa nyembamba zaidi, ndiyo maana ukizimimina kiganjani unaona vipande vidogo vilivyovunjikavunjika na unga kidogo chini yake, wala huoni vile vidonge bapa vilivyo kamili. Zile za papo kwa papo, zinazouzwa katika pakiti ndogondogo za mlo mmoja, sikuzijaribu kabisa, kwa kuwa nyingi huwa zimekwisha kutiwa sukari, chumvi na ladha, na mtu akizitumia hajui tena ni sukari kiasi gani iliyomo katika biskuti yake.

Vipimo nilivyotumia wiki zote saba ni hivi: gramu 115 za siagi isiyo na chumvi, gramu 110 za sukari ya kahawia, gramu 30 za sukari nyeupe, yai moja, kijiko kimoja cha chai cha vanila, gramu 95 za unga wa ngano, nusu kijiko cha chai cha bekingi soda, nusu kijiko cha chai cha mdalasini, robo kijiko cha chai cha chumvi, gramu 150 za oti na gramu 80 za zabibu kavu. Kiasi hicho kinatoa madonge 18 ya takriban gramu 35 kila moja. Nimeandika gramu kwa makusudi. Pakiti ya oti bapa niliyonunua ina mapishi ya biskuti nyuma yake, na mapishi hayo yanapima kila kitu kwa vikombe bila kusema ni kikombe cha ukubwa gani. Kikombe cha vipimo cha Marekani ni takriban mililita 240, na kile kinachotumika katika nchi nyingi za vipimo vya metriki ni mililita 250. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini kikombe cha chai cha nyumbani kinaweza kuwa pungufu sana au zaidi sana ya hapo. Tena unga ulioshindiliwa kikombeni ni mzito kuliko uliochekechwa na kumiminwa taratibu, na oti za kuiva haraka, kwa kuwa vipande vyake ni vidogo na hulaliana, huingia nyingi zaidi katika kikombe kilekile kuliko oti bapa. Mtu anaweza kufuata mapishi neno kwa neno na bado akaweka oti nyingi kupita kiasi. Mizani ndogo ya jikoni inaondoa matatizo yote haya, na ningemshauri mwokaji anayeanza aitafute hiyo kabla ya kununua chombo kingine chochote.

Mapishi hayo ya nyuma ya pakiti yana kasoro nyingine ambayo iliniudhi zaidi. Yanaelekeza biskuti zikae katika oveni yenye nyuzi 190 za Selsiasi kwa dakika 15, "mpaka ziwe na rangi ya dhahabu." Nilifuata maelekezo hayo kabla sijaanza zoezi langu, na nilichotoa ovenini kilikuwa na rangi nzuri kweli, lakini kilipopoa kilikuwa kigumu kiasi kwamba ilibidi kichovywe katika chai ndipo kilike. Mtengenezaji wa chakula anayechapisha mapishi kwenye pakiti yake anawafundisha watu wengi kuoka, na wengi wao hawana mwingine wa kuwafundisha. Anayeharibikiwa mara ya kwanza kwa kufuata maelekezo kwa uaminifu hujiona kuwa hana mkono wa kuoka, akaacha. Hilo linanisikitisha, kwa sababu biskuti hizi ni miongoni mwa vitu rahisi kabisa ambavyo mtu anaweza kuoka.

Nianze na zile zilizofanya vibaya zaidi, yaani oti za kukatwa. Wiki ya kwanza nilizitia kavu kama zilivyotoka kwenye pakiti. Donge lilikuwa la majimaji, kwa kuwa vipande hivyo vigumu havinywi maji haraka, na biskuti zilitandaa mpaka zikagusana. Binti yangu, mwenye umri wa miaka minane, aliuma ya kwanza, akatafuna polepole, akanitazama na kuniuliza, "Mama, mbona zina mawe?" Hakuwa akitia chumvi, vipande vya oti vilikuwa vimekauka ovenini badala ya kuiva, na kila kimoja kilihisiwa peke yake kati ya meno. Wiki iliyofuata niliziloweka katika maji ya moto kwa saa moja, nikazichuja na kuzikausha kwa kitambaa safi. Safari hii mawe yalitoweka, na kwa kweli ladha ilikuwa nzuri, ya nafaka halisi iliyokolea, lakini maji yaliyobaki ndani ya oti yaliifanya biskuti iwe kama keki ndogo yenye unyevunyevu, na kesho yake ilikuwa imelegea kabisa. Oti hizi ni bora sana kwa uji wa kupikwa taratibu, ambako dakika 25 au 30 za kuchemka huzipa nafasi ya kulainika huku zikibaki na kiini chake. Katika biskuti inayokaa motoni kwa dakika 11, na ambayo maji yake yote yanatoka kwenye yai na siagi, hazina muda wala maji ya kutosha.

Oti za kuiva haraka zilinipa shida ya aina nyingine, na ninaona ni shida iliyojificha zaidi kwa sababu biskuti zake haziharibiki waziwazi. Kwa kuwa vipande vyake ni vidogo na vyembamba, hunyonya unyevu mara tu vinapoingia kwenye bakuli. Ndani ya dakika tano donge lilikuwa limekwisha kukaza na mwiko ulisimama wenyewe katikati. Biskuti zilizotoka hazikutandaa sana, zilikuwa nene, zenye umbo la kupendeza, na mtu asiye na kitu cha kulinganisha angeridhika nazo. Kasoro inaonekana mdomoni. Oti zimeyeyukia ndani ya unga, hakuna tena kitu cha kutafuna, na biskuti inajaa mdomo kama mkate laini wenye mdalasini. Nilizioka mara mbili, mara ya pili nikapunguza gramu 20 za oti ili donge lisikaze, na matokeo yakawa bora kidogo tu. Kwa mtoto mdogo sana anayeanza kutafuna, au kwa mtu mzima mwenye matatizo ya meno, ulaini huu unaweza kuwa ndio unaotakiwa, na kwa hao ningeipendekeza pakiti hii bila kusita. Kwa wengine wote, biskuti ya oti isiyokuwa na oti za kutafuna imekosa sababu ya kuitwa hivyo.

Sasa oti bapa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndizo zilizonirudishia hamu ya kuoka. Chukua biskuti moja iliyopoa kwa nusu saa na uivunje katikati. Ukingo wake, kwa upana wa kama nusu sentimita, unakatika kwa mlio mdogo mkavu. Kisha mkono unahisi biskuti ikipinda badala ya kukatika, na sehemu ya ndani inaachana polepole, huku vipande vya oti vikichomoza kwenye mpasuko kama magamba ya samaki, kila kimoja kikiwa kimefunikwa na siagi na sukari iliyogeuka rangi. Ukiitafuna, vipande hivyo vinaupa mdomo kazi bila kuuchosha. Juu ya uso wa biskuti vinaonekana wazi, baadhi yake vikiwa vimekaangika ncha, na hizo ncha zina ladha ya karanga zilizochomwa. Yote haya yanatokana na jambo moja: kipande kikubwa na kinene hunyonya unyevu polepole, kikalainika nje huku kikibaki na ukakamavu wake ndani.

Kunyonya huko polepole ndiko kunakodai subira, na hapa ndipo mapishi mengi yanapokosea kwa kunyamaza. Donge la oti bapa likiokwa mara tu linapochanganywa hutandaa kupita kiasi, kwa sababu unyevu bado uko huru na siagi bado ni laini. Wiki ya kwanza ya oti bapa nilioka nusu ya donge papo hapo na nusu nyingine nikaiacha katika friji kwa dakika 45. Nusu ya kwanza ilitoa biskuti pana na nyembamba zenye kingo zilizokaribia kuungua. Nusu ya pili ilitoa biskuti nene zenye rangi iliyokolea na ladha iliyotulia zaidi. Siagi huanza kuyeyuka kwenye joto la nyuzi 32 hadi 35 hivi, kwa hiyo donge lililotoka kwenye friji hupata muda wa kukamata umbo kutokana na yai na unga kabla siagi haijayeyuka yote. Tangu siku hiyo sijawahi kuoka bila kulipumzisha donge, na nisingekubali mtu aniambie kwamba hatua hiyo ni ya hiari.

Wiki ya mwisho nilijaribu kitu ambacho sikukiona kwenye pakiti yoyote. Nilizikaanga oti bapa zote gramu 150 katika kikaango kikavu, kwenye moto wa wastani, nikizigeuza bila kuacha kwa dakika sita mpaka jikoni pakanukia, kisha nikaziacha zipoe kabisa. Gramu 50 kati yake nilizisaga kuwa unga, na gramu 100 nikazitia nzima. Unga ule wa oti ulishika unyevu upesi, kama zinavyofanya oti za kuiva haraka, na vipande vizima vilibaki vya kutafuna. Biskuti haikutandaa sana, na ladha ya nafaka ilikuwa mara mbili ya ile ya kawaida. Maana yake ni kwamba mwenye pakiti ya oti bapa anaweza kupata faida ya zile za kuiva haraka kwa kuzisaga kidogo, lakini mwenye pakiti ya za kuiva haraka hana namna ya kuzirudisha kuwa nzima. Kwangu hiyo ilitosha kumaliza mjadala.

Kuhusu namna ya kuchanganya nina maneno machache, kwa sababu oti nzuri huweza kuharibiwa na mkono mbaya. Siagi iwe laini kiasi kwamba kidole kikiibonyeza kinaacha alama bila kuzama. Ikiwa imeyeyuka, haitashika hewa inapopigwa na sukari. Piga siagi na sukari kwa dakika mbili au tatu mpaka rangi ipauke, kisha tia yai na vanila. Unga, bekingi soda, mdalasini na chumvi vichanganywe pembeni na kutiwa kwa pamoja, na hapo koroga kwa uchache, kwa kuwa unga wa ngano ukikorogwa sana huvutika na biskuti hukaza. Oti na zabibu huja mwisho. Bekingi soda inahitaji kitu chenye asidi ili ifanye kazi, na katika mapishi haya asidi hiyo inatoka kwenye sukari ya kahawia, yenye masalia ya asali nyeusi ya miwa. Anayebadilisha sukari yote kuwa nyeupe asishangae biskuti zikitoka bapa, zimepauka na zina ladha ya sabuni kwa mbali. Nilimkataza binti yangu kulamba mwiko, na alinuna, lakini mayai mabichi yanaweza kuwa na bakteria wa Salmonella na unga mbichi nao si salama kama wengi wanavyodhani, kwa kuwa haujapata moto wowote wa kuua vijidudu.

Joto ninalolisimamia ni nyuzi 175, na muda ni dakika 10 hadi 12. Anayeoka kwa mara ya kwanza atahitaji ujasiri mahali hapa, kwa sababu biskuti inayotakiwa kutolewa haionekani kama imeiva. Kingo zake zimeshika rangi ya kahawia hafifu, lakini katikati bado pamevimba kidogo, pana mng'ao wa unyevu, na ukipagusa panabonyea. Itoe hivyo hivyo, na uiache juu ya trei ya moto kwa dakika tano. Joto la trei huendelea kuiivisha kutoka chini, katikati panashuka, na uso unajikunja mikunjo midogo. Ukijaribu kuiinua kabla ya dakika hizo kwisha itapasuka mkononi. Baada ya hapo ihamishie kwenye wavu wa kupozea ili mvuke utoke chini yake. Aliyesubiri mpaka katikati pakauke ndani ya oveni amekwisha kuchelewa, na hilo ndilo kosa la dakika 15 za ile pakiti.

Zabibu kavu nazo zina dosari ndogo isiyosemwa: zikiwa kavu sana hunyonya unyevu wa donge na kubaki kama vitu vya mpira. Zilowekwe katika maji ya moto kwa dakika kumi, zichujwe na kukaushwa vizuri. Asiyezipenda anaweza kutia tende zilizokatwakatwa au lozi, na hapo hakuna cha kujadili.

Swali ninaloulizwa zaidi ni kama biskuti hizi ni za afya, na pakiti zote tatu zinalichochea swali hilo kwa picha za moyo na maneno makubwa kuhusu nyuzinyuzi. Lililo kweli ni kwamba oti zina nyuzinyuzi za aina ya beta-glukani, na mwaka 1997 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu vyakula vya oti viandikwe kwamba gramu 3 za nyuzinyuzi hizo kwa siku, katika mlo wenye mafuta kidogo yaliyoshiba na kolesteroli kidogo, huweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo. Lakini tupige hesabu. Kila biskuti yangu ina takriban gramu 8 za oti, na gramu 100 za oti huwa na kiasi cha gramu 4 za beta-glukani, kwa hiyo biskuti moja inatoa theluthi moja tu ya gramu. Ili kufikia gramu 3 mtu atalazimika kula biskuti tisa, na pamoja nazo atakula nusu nzima ya siagi na nusu ya sukari ya mapishi yote. Kila biskuti ina karibu gramu 8 za sukari iliyoongezwa na takriban kalori 145. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linapendekeza sukari ya namna hiyo isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na linaeleza kwamba kushuka chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima, kungekuwa na manufaa zaidi. Biskuti tatu zinakaribia kufika hapo. Ningependa kuona pakiti ikiyasema haya waziwazi pale pale yanapochapishwa mapishi, kwa sababu anayeoka kwa ajili ya watoto anastahili kuambiwa ukweli wote.

Pamoja na hayo, kama kitu cha kutafuna kati ya milo, biskuti mbili za oti na glasi ya maziwa humshikilia mtu vizuri zaidi kuliko biskuti nyeupe za unga mtupu, na hilo nimeliona kwa mtoto wangu ambaye zamani alikuwa akirudi jikoni baada ya nusu saa. Nimeshapunguza sukari mpaka kiasi hicho nilichoandika, kutoka gramu 200 za mapishi niliyoanza nayo. Nilipojaribu kushuka chini ya gramu 120, biskuti ziliacha kutandaa na zikakauka mapema, kwa kuwa sukari hushika unyevu pamoja na kuleta utamu. Gramu 140 kwa jumla ndipo nilipokomea.

Kwa wale wasioweza kula ngano, pakiti zote tatu zinahitaji kusomwa kwa makini. Oti zenyewe hazina gluteni, ile protini ya ngano, lakini mara nyingi hulimwa, husafirishwa na husagwa pamoja na ngano au shayiri, na punje chache za kigeni zinatosha kumletea madhara mgonjwa wa siliaki, yaani ugonjwa wa utumbo unaochochewa na gluteni. Kiwango kinachotumika kimataifa kwa chakula kisicho na gluteni ni kisichozidi miligramu 20 kwa kilo moja, na kati ya pakiti zangu tatu hakuna hata moja iliyodai kufikia kiwango hicho. Tena wapo wagonjwa wachache ambao oti safi nazo huwadhuru, kwa hiyo hao wazungumze na daktari wao kwanza.

Nina lawama moja kuhusu upya wa bidhaa. Pakiti ya kwanza ya oti za kuiva haraka niliyonunua ilikuwa ndani ya tarehe yake, lakini nilipoifungua ilinuka kama mafuta ya kupikia yaliyosahaulika kabatini, na oti chache nilizotafuna ziliacha uchungu nyuma ya ulimi. Nilirudi nayo dukani nikaambiwa kwamba oti zote ndivyo zilivyo. Sivyo zilivyo. Oti zisizoharibika zinanukia kwa upole, kama majani makavu yaliyopigwa jua na karanga, na zikitafunwa mbichi zina utamu wa mbali. Nilibadilishiwa baada ya kusisitiza, na pakiti ya pili ndiyo niliyoitumia katika majaribio, ili nisiihukumu aina nzima kwa kosa la uhifadhi. Kila unapofungua pakiti, inuse kabla hujapima chochote. Siagi na mdalasini havitaficha harufu hiyo, vitaibeba tu. Nyumbani, mimina oti kwenye mkebe unaofunga vizuri na uuweke mahali pakavu penye ubaridi, kwa sababu pakiti zote tatu zilikuwa za karatasi au plastiki nyepesi isiyofungika tena baada ya kukatwa, jambo ambalo kwa chakula chenye mafuta kiasi hiki naliona ni uzembe.

Biskuti zilizokwisha kuokwa hukaa siku tano katika mkebe uliofungwa, na siku ya pili ndiyo bora kuliko zote, kwa kuwa unyevu umekwisha kusambaa sawasawa. Ninachokifanya siku hizi ni kuoka nusu tu. Madonge tisa yaliyobaki nayapanga kwenye sahani, nayaacha yagande katika friza, kisha nayaweka katika mfuko. Hukaa miezi mitatu bila tatizo, na huokwa moja kwa moja kutoka kwenye friza kwa kuongeza dakika mbili. Oti bapa zinavumilia friza vizuri sana, ilhali madonge ya oti za kuiva haraka yalitoka yakiwa yamekauka na yenye nyufa.

Pakiti ya oti za kukatwa imebaki zaidi ya nusu na tunaimaliza kwa uji wa asubuhi, ambao unatufurahisha. Ile ya oti za kuiva haraka nimempa jirani mwenye mtoto wa mwaka mmoja. Ya oti bapa iliisha wiki iliyopita, na nimeshanunua nyingine mbili.